Moyo umeshatengenezwa, mbona unadhoofika? Saa 24 za kwanza baada ya upasuaji wa moyo wa mtoto mchanga

Mtoto wa kilo 3 anapotolewa chumba cha upasuaji, tundu likiwa limezibwa au mishipa imerudishwa mahali pake, wazazi huambiwa kwamba operesheni imekwenda vizuri, na ni kweli. Lakini kwa moyo wenyewe kipindi kigumu bado kiko mbele. Kati ya saa ya 6 na saa ya 18 baada ya upasuaji, moyo wa mtoto mchanga mara nyingi husukuma damu kidogo kuliko ulivyokuwa ukisukuma alipofikishwa chumba cha wagonjwa mahututi. Mtoto aliyetulia saa kumi jioni anaweza kuwa taabani saa saba usiku, na huenda hakuna aliyekosea.

Jambo hili lilipimwa kwa makini huko Boston, Marekani, kwa watoto waliozaliwa mishipa mikuu ya moyo ikiwa imepishana, yaani aota, mshipa mkuu unaopeleka damu mwilini, inatokea ventrikali (chumba cha chini cha moyo) ya kulia na mshipa wa mapafu unatokea ya kushoto. Baada ya mishipa hiyo kukatwa na kubadilishwa nafasi, watafiti walifuatilia kiasi cha damu kilichosukumwa na moyo saa baada ya saa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba usiku wa kwanza kiasi hicho kilishuka kwa wastani wa asilimia 32. Karibu robo ya watoto waliopimwa walifika chini ya lita 2 kwa dakika kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili. Wakati huohuo upinzani wa mishipa ya damu, mwilini na mapafuni, ulipanda. Moyo ulikuwa unachoka huku mzigo ukiongezeka.

Hali hiyo tutaiita hapa mtiririko hafifu. Mtafiti anayeishughulikia ana maswali matatu yasiyotengana: inatokana na nini, inaonekanaje kabla mtoto hajazidiwa, na je, kuna dawa au mbinu inayoizuia? Swali la pili ndilo gumu kuliko watu wanavyodhani, na makosa mengi ya utafiti huu huzaliwa hapo.

Moyo mdogo hauna akiba

Moyo wa mtu mzima ukihitaji kusukuma damu zaidi hujaa zaidi na hukaza kwa nguvu zaidi. Kwa mtoto mchanga njia zote mbili ni finyu. Misuli ya moyo wake ina nyuzi chache za kukaza. Kwa kondoo aliye bado tumboni, nyuzi hizo zilikadiriwa kuwa kama asilimia 30 ya misuli, ilhali kwa kondoo mkubwa ni karibu asilimia 60. Iliyobaki ni viini, maji na vitu vingine visivyokaza. Matokeo yake ventrikali ni ngumu kutanuka. Ukimwongezea mtoto maji kwenye mshipa, shinikizo ndani ya moyo linapanda upesi, lakini damu inayotoka haiongezeki kwa kiasi hicho.

Tupige hesabu. Mtoto wa kilo 3 ana eneo la mwili la takriban mita ya mraba 0.2. Akihitaji lita 3 kwa dakika kwa kila mita ya mraba, moyo wake unatakiwa kusukuma mililita 600 kwa dakika. Moyo ukipiga mara 140, kila pigo linatoa mililita 4.3, pungufu kidogo ya kijiko cha chai. Pigo likipungua kwa mililita 1 tu, anapoteza mililita 140 kila dakika, karibu robo ya damu yote anayoihitaji. Njia iliyobaki ya kufidia ni kupiga haraka. Kwa hiyo mapigo yanayopanda polepole kutoka 145 hadi 175 usiku wa kwanza ni taarifa ya kufanyiwa kazi, hata kama shinikizo la damu bado liko sawa. Shinikizo hushikiliwa na mishipa inayojibana. Huwa la mwisho kuanguka.

Kuna suala la kalsiamu pia. Seli ya moyo uliokomaa huweka akiba ya kalsiamu ndani yake na kuitumia kila inapokaza. Seli ya mtoto mchanga haina ghala la kutosha, hivyo hutegemea kalsiamu inayoingia kutoka nje ya seli. Damu ya benki imewekewa sitreti ili isigande, na sitreti hushika kalsiamu. Mtoto akiongezewa damu au plasma kwa haraka, kalsiamu huru hushuka na moyo unalegea dakika hiyohiyo. Wodi nyingi hulenga kuiweka kalsiamu huru juu ya milimoli 1.2 kwa lita, na huipima tena kila baada ya kuongeza damu. Mtafiti asiyeandika kiwango cha kalsiamu cha saa ile aliyopima moyo anaweza kuhesabu upungufu wa kalsiamu kama jeraha la upasuaji.

Mashine inayomwokoa na kumjeruhi

Ili kufanya kazi ndani ya moyo, lazima usimamishwe. Mtoto hupewa heparini damu isigande, mirija inawekwa, na damu inapitishwa kwenye mashine ya moyo na mapafu. John Gibbon aliifanikisha kwa mara ya kwanza kwa binadamu mwezi Mei mwaka 1953, huko Philadelphia. Mwili hupoozwa, aota inabanwa, kisha mishipa inayolisha moyo inaingizwa maji baridi yenye potasiamu nyingi yanayoutuliza moyo kabisa. Tangu kibano kinapofungwa hadi kinapofunguliwa, moyo haupati damu ya kawaida. Dakika hizo huandikwa kwenye fomu ya upasuaji, na ndizo namba ya kwanza ambayo mtafiti anapaswa kuitafuta.

Kwa mtu mzima ujazo wa mashine ni sehemu ndogo ya damu yake. Mtoto mchanga ana takriban mililita 85 za damu kwa kila kilo, kwa hiyo wa kilo 3 ana kama mililita 255. Kulingana na mtambo, ujazo wa mirija na kifaa cha kuongeza oksijeni unaweza kukaribia au hata kuzidi damu yote aliyonayo. Chembe nyekundu huchujuka, protini zinazozuia maji yasivuje hupungua, na damu inayogusa plastiki kwa saa nzima au zaidi huamsha kinga ya mwili. Mishipa midogo huanza kuvuja. Mtoto huvimba usoni na miguuni, na moyo nao unavimba vilevile, ingawa huo hauonekani. Misuli iliyojaa maji inakuwa ngumu zaidi, na kifua kikifungwa juu yake kinaubana. Ndiyo sababu madaktari wengine huacha mfupa wa kifua wazi kwa siku moja hadi tatu, ukiwa umefunikwa kwa utando maalumu, hadi uvimbe upungue.

Kibano kinapofunguliwa, damu yenye oksijeni inarudi kwenye seli zilizokuwa na njaa. Ungetegemea nafuu, lakini seli hujaa kalsiamu kupita kiasi na kuzalisha molekuli kali za oksijeni zinazochoma utando wake. Jeraha hili huendelea kwa saa kadhaa baada ya operesheni kwisha. Uvimbe nao unaongezeka, mtoto anapashwa joto na mishipa yake inajibana. Mambo haya yote yanakutana usiku uleule.

Mbinu moja iliyotokana na kuuelewa mlolongo huu ni kuchuja maji ya ziada kutoka kwenye damu kwa kama dakika 10 hadi 15, mara tu mtoto anapoondolewa kwenye mashine na kabla mirija haijatolewa. Kikundi cha hospitali ya Great Ormond Street, London, ndicho kilichoieleza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Damu inakuwa nzito tena, shinikizo linapanda, uvimbe unapungua. Hospitali zinatofautiana sana katika kuitumia, na mtafiti anayechanganya watoto wa hospitali mbili bila kuangalia jambo hili analinganisha vitu viwili tofauti.

Kupima kitu usichoweza kukiona

Kwa mtoto wa kilo 3 hakuna kifaa kinachosoma moja kwa moja, kwa usalama na kila saa, mililita zinazosukumwa na moyo. Watoto wa Boston walipimwa kwa mrija wenye kipima joto ulioachwa kwenye mshipa wa mapafu: unaingiza maji baridi, unaangalia jinsi joto linavyoshuka na kurudi, unakokotoa mtiririko. Njia hiyo inahitaji mrija ambao siku hizi hauwekwi mara nyingi, na inadanganya kabisa ikiwa bado kuna tundu linalovujisha damu kati ya pande mbili za moyo.

Kinachotumika zaidi ni kanuni ya Adolf Fick ya mwaka 1870: ukijua oksijeni ambayo mwili umetumia kwa dakika, na tofauti ya oksijeni kati ya damu inayokwenda mwilini na ile inayorudi, unajua mtiririko. Chukua mtoto wetu wa kilo 3 mwenye hemoglobini ya gramu 12 kwa desilita. Tuseme anatumia mililita 32 za oksijeni kwa dakika. Kila gramu ya hemoglobini iliyojaa hubeba mililita 1.36, kwa hiyo lita moja ya damu ya ateri (mishipa inayotoa damu moyoni) iliyojaa kikamilifu ina mililita 163. Damu inayorudi ikiwa na ujazo wa oksijeni wa asilimia 70, ina mililita 114. Tofauti ni 49, na 32 kwa 49 inatoa lita 0.65 kwa dakika, sawa na 3.3 kwa kila mita ya mraba. Hali nzuri. Sasa damu inayorudi ishuke hadi asilimia 50. Tofauti inakuwa karibu 82, mtiririko lita 0.39, na kwa mita ya mraba ni chini kidogo ya 2. Huyu ameshaingia kwenye kundi la hatari la Boston, hata kama kipimo cha oksijeni cha kidoleni bado kinaonyesha 99.

Hesabu ni rahisi. Vitu vinavyoingizwa ndani yake ndivyo vyenye matatizo. Lile la 32 kwa kawaida halikupimwa, limechukuliwa kwenye jedwali. Majedwali ya zamani hayakutokana na vichanga waliotoka kwenye mashine, waliolazwa kwa dawa na kupoozwa. Homa ya nyuzi moja huongeza matumizi ya oksijeni kwa takriban asilimia 10. Dawa za kulegeza misuli huyapunguza. Ukitumia namba moja kwa mtoto mwenye nyuzi 35.5 na mwingine mwenye 38.5, umetengeneza tofauti ya moyo ambayo haipo.

La pili ni mahali damu ilipochukuliwa. Damu halisi iliyochanganyika iko kwenye mshipa wa mapafu, lakini kukiwa na tundu lililobaki, damu yenye oksijeni inavuja kutoka kushoto na kuipandisha namba isivyostahili. Kwa hiyo wengi huchukua kwenye mshipa mkubwa unaoshuka kutoka kichwani. Ncha ya mrija ikisogea sentimita moja au mbili na kuingia ndani ya atiria (chumba cha juu cha moyo), inaweza kuchota damu inayotoka kwenye misuli ya moyo wenyewe, ambayo ina oksijeni kidogo sana, na namba inaanguka bila mtoto kubadilika. Picha ya eksirei ya kifua inayoonyesha ncha ya mrija ni sehemu ya data, na inastahili kuhifadhiwa pamoja na majibu ya damu.

Lakteti, asidi inayojikusanya tishu zikikosa oksijeni, hutumika kila mahali kwa sababu mashine ya gesi za damu huitoa kwa tone dogo. Baada ya upasuaji si ajabu kuikuta kati ya 2 na 5. Namba moja haisemi mengi. Mwelekeo ndio unaosema. Katika utafiti wa vichanga uliochapishwa mwaka 2000, kupanda kwa milimoli 0.75 kwa lita kila saa, au zaidi, kulihusiana na matokeo mabaya. Tahadhari ni mbili. Adrenalini hupandisha lakteti hata kama tishu zinapata damu ya kutosha. Na mtoto anapopashwa joto, lakteti iliyokuwa imekwama miguuni husombwa kuingia kwenye damu, hivyo hupanda kwa saa moja au mbili wakati mtiririko unazidi kuwa mzuri.

Mkojo chini ya mililita 1 kwa kilo kwa saa ni dalili ya kweli, ila saa za kwanza humponza anayepima, kwa sababu manitoli, dawa ya kuongeza mkojo, iliyowekwa kwenye mashine hutoa mkojo mwingi kutoka kwa mtoto mwenye mtiririko duni. Vidole vya miguu vilivyo baridi na rangi kurudi polepole baada ya kubonyeza ngozi ni vitu vya kuandika, visitegemewe peke yake.

Troponini, protini inayovuja kwenye damu misuli ya moyo inapojeruhiwa, nayo hupanda kwa kila mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa moyo. Mtoto aliyekatwa misuli ya ventrikali atakuwa na nyingi kuliko aliyefanyiwa kazi kupitia atiria, hata kama wa pili ana hali mbaya zaidi. Ni lazima kulinganisha operesheni ya aina moja, na saa zilezile. Sampuli nazo zina kikomo: miongozo ya Ulaya inashauri damu ya utafiti isizidi asilimia 1 ya damu yote kwa mara moja, na asilimia 3 kwa wiki nne. Kwa mtoto wetu hiyo ni mililita 2.5 na mililita 7.6. Ukipanga sampuli sita za mililita 2, umevuka mpaka kabla hujaanza.

Eko: picha nzuri, tafsiri ngumu

Eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, haitobi ngozi na inaweza kurudiwa. Lakini usiku wa kwanza kuna mirija ya kifuani, bandeji, hewa iliyobaki na mapafu yaliyojazwa na mashine ya kupumulia. Picha safi hazipatikani kila upande, na mara nyingi dirisha pekee ni chini ya mbavu.

Tatizo kubwa zaidi ni la kifiziolojia. Kipimo kinachojulikana zaidi ni asilimia ya damu inayotolewa na ventrikali ya kushoto kwa kila pigo. Asilimia hii hubadilika kwa kiasi cha damu kilichoingia na kwa upinzani unaokutana nayo, hata kama nguvu ya misuli ni ileile. Mtoto mwenye tundu kubwa kati ya ventrikali ana ventrikali ya kushoto iliyojaa kupita kiasi, na sehemu ya damu hutoka kwa urahisi kuelekea mapafuni. Asilimia yake kabla ya upasuaji ni nzuri ajabu. Ziba tundu: damu inayoingia inapungua, njia rahisi ya kutokea imefungwa, na asilimia inashuka kutoka 70 hadi 50 kesho yake. Anayesoma namba hizo bila kulijua hili ataandika kwamba upasuaji umeharibu moyo. Kumbe sehemu kubwa ya anguko ni kubadilika kwa mzigo. Hali kama hiyo hutokea mshipa uliokuwa wazi kati ya aota na mapafu unapofungwa.

Upande wa kulia una mtego wake. Wengi hupima milimita ambazo ukingo wa vali kati ya atiria na ventrikali ya kulia unashuka kuelekea ncha ya moyo. Baada ya utando unaozunguka moyo kufunguliwa, mwendo huo hupungua karibu kwa kila mgonjwa, hata pale ventrikali inaposukuma damu vizuri. Ukuta wa kati wa moyo nao huanza kwenda kinyumenyume. Kupungua kwa mwendo huo kusichukuliwe kuwa ni kudhoofika kwa ventrikali.

Njia ya kufuatilia vidoa vya picha, ambapo programu hupima kila kipande cha misuli kimefupika kwa asilimia ngapi, huona mabadiliko madogo mapema zaidi. Hapa kasi ya picha ndiyo kila kitu. Moyo unaopiga mara 150 kwa dakika unamaliza pigo moja kwa milisekunde 400. Mashine nyingi za kuhifadhi picha hupunguza video hadi picha 30 kwa sekunde. Hapo unapata picha 12 kwa pigo zima, na kama tano tu wakati wa kukaza. Kilele cha kukaza kinaweza kuangukia katikati ya picha mbili na kupotea. Rekodi ghafi yenye kasi ya awali, picha 70 au zaidi kwa sekunde, ihifadhiwe kwenye mashine yenyewe kabla ya kutumwa popote. Data iliyopotea kwa kubanwa hairudi, na tafiti ngapi zimekwama kwa sababu hii ndogo!

Kisha kuna moyo unaokaza vizuri na bado mtiririko ni hafifu. Baada ya matengenezo ya kasoro ya Fallot (tundu kati ya ventrikali pamoja na njia iliyobana ya kwenda mapafuni), ventrikali ya kulia iliyonenepa inakataa kulegea na kupokea damu. Kwenye Dopla, eko inayoonyesha mwendo wa damu, unaona damu ikisukumwa hadi mshipa wa mapafu wakati atiria inakaza, kana kwamba ventrikali ni bomba gumu tu. Mtoto huyu hahitaji dawa kali za kukaza moyo. Anahitaji mapigo yenye mpangilio, damu ya kutosha, na kutolewa mapema kwenye mashine ya kupumulia ikiwezekana, kwa sababu kila pumzi inayosukumwa kifuani inazuia damu kurudi moyoni.

Kabla ya kuulaumu msuli

Kuna mambo yanayofanana na udhaifu wa moyo lakini dawa yake ni nyingine. Mirija ya kifuani iliyokuwa ikitoa damu ikikauka ghafla, shinikizo la vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) likapanda na la ateri likashuka, fikiria damu iliyoganda ikiubana moyo. Kifua kinafunguliwa, wakati mwingine palepale kitandani. Tundu lililobaki au njia iliyobana isiyotengenezwa kikamilifu haitaponywa na dawa, na mtoto asiyepata nafuu kama inavyotarajiwa anastahili eko ya kutafuta kitu hicho, ikibidi na kipimo cha kuingiza mrija moyoni.

Mapigo ya kasi yanayoanzia kwenye kiungo cha umeme kati ya atiria na ventrikali huwapata hasa wadogo, mara nyingi siku ya kwanza. Kasi inaweza kuvuka 180. Mbaya zaidi ni kwamba atiria inakaza wakati vali imefungwa, na ventrikali ngumu inakosa msukumo wa mwisho wa kuijaza. Kwenye skrini ya vena yanaonekana mawimbi makubwa. Nyaya nyembamba zilizoachwa na daktari wa upasuaji juu ya atiria husaidia kuthibitisha. Matibabu ni kupunguza adrenalini na dawa za jamii yake kadiri inavyowezekana, kurekebisha magnesiamu, kumpooza mtoto hadi nyuzi 34 au 35, amiodaroni (dawa ya kurekebisha mapigo), na kuendesha atiria kwa kifaa cha umeme kwa kasi inayoizidi kidogo ile ya kiungo.

Majaribio ya dawa yamesema nini

Milrinoni huusaidia moyo kukaza na kulegea, na hutanua mishipa, yaani inagusa pande mbili za tatizo la Boston. Jaribio lililochapishwa mwaka 2003 liligawa watoto 238 waliofanyiwa upasuaji ulioacha ventrikali mbili zikifanya kazi. Waliopewa dozi kubwa walipata mikrogramu 75 kwa kilo kwa muda wa dakika 60, kisha mikrogramu 0.75 kwa kilo kwa dakika kwa saa 35. Mtiririko hafifu au kifo vilitokea kwa asilimia 11.7, dhidi ya 25.9 kwa waliopewa dawa tupu, yaani isiyo na kiambata cha kutibu. Tangu hapo milrinoni imeenea duniani. Inatolewa na figo, kwa hiyo mtoto ambaye mkojo umekatika hujilimbikizia dawa na shinikizo lake huanguka saa chache baadaye; dozi ipunguzwe mapema.

Oksidi ya nitriki, gesi inayotanua mishipa ya damu, inaonyesha kwa nini utafiti mdogo usiaminiwe haraka. Jaribio la Melbourne la mwaka 2016, lenye watoto 198, liliiingiza gesi hiyo kwenye kifaa cha oksijeni cha mashine, na mtiririko hafifu ukashuka kutoka asilimia 31 hadi 15. Mantiki ilikuwa nzuri, matokeo mazuri. Jaribio kubwa la Australia, New Zealand na Uholanzi lililotolewa mwaka 2022, lenye watoto zaidi ya 1,300 wa chini ya miaka miwili, halikuona tofauti katika siku walizokaa bila mashine ya kupumulia.

Mwaka huohuo yakaja matokeo ya steroidi nchini Marekani. Kwa miaka mingi hospitali zilikuwa zikitoa methilpredinisoloni kutuliza kinga inayoamshwa na mashine. Watoto 1,200 wa chini ya mwaka mmoja katika vituo 24 walipewa ama miligramu 30 kwa kilo, ama dawa tupu. Kipimo kikuu hakikuonyesha faida ya uhakika, na waliohitaji insulini kwa sababu ya sukari kupanda walikuwa asilimia 19 dhidi ya 6.7. Kwa maoni yetu jaribio hili ni miongoni mwa kazi muhimu zaidi katika fani hii, kwa sababu liliigusa desturi ambayo wengi waliiona haihitaji tena kuulizwa.

Sehemu ya tofauti kati ya majaribio iko kwenye tafsiri ya mtiririko hafifu. Ukisema ni “daktari kuongeza dozi ya dawa”, unapima pia tabia ya daktari. Hospitali yenye madaktari wepesi kuongeza dawa itaonekana kuwa na mioyo dhaifu zaidi.

Watoto wanaochelewa

Sehemu kubwa ya tunachokijua imetoka kwa vichanga waliogunduliwa mapema huko Marekani, Ulaya na Australia. Katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, au Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago, wengi hufika wakiwa wamechelewa: mtoto wa miezi 10 mwenye kilo 5, tundu kubwa, nimonia kadhaa zilizopita, na shinikizo la mapafu lililopanda kwa miezi. Moyo wake umekomaa zaidi kuliko wa kichanga wa wiki moja, lakini hauna akiba ya lishe, na ventrikali ya kulia itapambana na mapafu yanayoweza kujibana ghafla anaposafishwa njia ya hewa. Lile anguko la saa 6 hadi 18 huenda likawa na umbo jingine kwake. Hilo linahitaji kupimwa hapahapa, halipatikani kwa kunakili.

Vifaa vya kuanzia si vingi. Mrija wa shingoni tayari upo. Damu yake ichukuliwe pamoja na ya ateri anapofika wodini, kisha saa ya 6, 12, 18 na 24, na kila sampuli iandikwe joto la mwili, hemoglobini, kalsiamu, dozi za dawa na mahali ilipo ncha ya mrija. Eko ifanywe siku moja kabla ya upasuaji, saa ya 12, kabla ya kuruhusiwa, na miezi sita baadaye, na mpimaji yuleyule ikiwezekana, kwa mkao uleule. Mzazi aombwe ridhaa siku moja kabla, akiwa ameketi na ana muda wa kuuliza. Akiombwa alfajiri mlangoni pa chumba cha upasuaji, atasema ndiyo kwa kila kitu. Na saa zote zihesabiwe tangu kibano cha aota kilipofunguliwa. Kati ya hapo na mtoto kufika wodini inaweza kupita saa moja kwa mmoja na saa nne kwa mwingine aliyekuwa akitokwa damu, na wawili hao wakihesabiwa tangu kufika wodini, saa ya 6 ya mmoja itakuwa imewekwa mstari mmoja na saa ya 9 ya mwenzake.